Kuta za nyumba mpya: uzichague vipi ili joto na kelele zibaki nje

Usiku wa kwanza kulala kwenye nyumba yangu ya Kibaha nilisikia taarifa ya habari neno kwa neno kutoka sebuleni, na mlango wa chumba nilikuwa nimeufunga. Ukuta kati yangu na sebule ni wa tofali za block za inchi 6, umepigwa lipu pande zote mbili. Kesho yake nikapanda darini na tochi. Ukuta uliishia kwenye ringi bimu, ule mkanda wa zege juu ya kuta. Juu ya hapo palikuwa wazi kutoka chumba kimoja hadi kingine, nyumba nzima, na kilichonitenganisha na televisheni ni bodi ya jipsamu ya milimita 9. Wakati wa ujenzi nilimwuliza fundi kuhusu uwazi ule, akanijibu, "Bosi, dari litafunika." Dari lilifunika uwazi usionekane, sauti ikaendelea kupita.

Kuziba uwazi huo baadaye kulinigharimu mara kadhaa ya bei ambayo ningelipa boma likiwa bado wazi. Ndiyo maana naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye bado ana ramani mkononi, au ana msingi tu. Ukishahamia, mengi kati ya haya hayawezekani tena bila kubomoa.

Joto na kelele hazizuiwi na kitu kimoja

Anza hapa, kwa sababu pesa nyingi hupotelea hapa. Watu hutafuta tofali moja litakalozuia vyote viwili, na wauzaji wanafurahi kuwaambia lipo.

Kelele huzuiwa na uzito. Sauti ikifika ukutani huutikisa, na upande wa pili wa ukuta nao hutikisa hewa ya chumbani. Ukuta mzito hautikisiki kirahisi. Kwa kanuni wanayoitumia wahandisi, uzito wa ukuta ukiongezeka mara mbili, kelele inayopita hupungua kwa desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 5 au 6. Kumbuka namba mbili: tofauti ya desibeli 3 ni ndogo sana kwa sikio, na zikipungua 10 mtu huhisi kelele imebaki nusu.

Joto huzuiwa na hewa iliyotulia ndani ya vipovu au nyuzi. Foma, yaani povu gumu la plastiki, pamba ya glasi na tofali nyepesi zenye mapovu hufanya kazi kwa njia hiyo. Foma ya sentimita 5 huzuia joto zaidi kuliko ukuta wa tofali za saruji wenye unene wa mita nzima. Lakini foma hiyo hiyo ni nyepesi kama trei tupu, na sauti huipita karibu bila kizuizi.

Kuna jambo la tatu ambalo ndilo huwachanganya wengi: ukuta mzito hauzuii joto sana, huliweka na kulichelewesha. Ukuta wa tofali za saruji wa inchi 6 uliopigwa jua saa tisa alasiri hufikisha joto lake ndani kwenye saa moja usiku. Ukuta wa inchi 9 wa tofali za kuchoma hulifikisha kwenye saa tatu au saa nne usiku. Njombe au Makete mwezi Julai, hiyo ni neema, nyumba inapata moto wakati baridi inapoanza. Dodoma pia, ambako usiku hupoa vizuri. Lakini Dar es Salaam au Tanga mwezi Februari, usiku wenyewe una nyuzi 25, halafu ukuta unaanza kukuongezea joto saa ile ile unapotaka kulala. Kwa hiyo ushauri wa ndugu yako wa Iringa kwamba "jenga kuta nene nyumba ipoe" ni wa kweli kwake, na unaweza kukuharibia chumba ukiwa Mbagala.

Na trei za mayai, kwa kuwa lazima mtu ataniuliza: hazizuii kelele kutoka wala kuingia. Trei za mayai, sponji, mapazia na mazulia hupunguza mwangwi ndani ya chumba kilicho navyo tu. Jirani atasikia vilevile. Tena trei ni karatasi kavu, cheche moja ya umeme inatosha kuziwasha. Tafadhali usizibandike kwenye chumba cha mtoto.

Hatua ya kwanza: nenda kiwanjani mara tatu

Nenda saa kumi alasiri, uone jua linakopiga. Nenda Ijumaa au Jumamosi saa tatu usiku, usikilize. Nenda alfajiri, saa kumi na moja. Simama katikati ya kiwanja, fungua dira ya simu, na chora kwenye karatasi: kaskazini iko huku, baa iko huku, mashine ya kusaga huku, barabara ya magari makubwa huku, vipaza sauti vinaelekea huku. Andika pia sauti ni ya aina gani. Maongezi, honi na watoto wanaocheza ni sauti ambazo ukuta wa kawaida unaziweza. Besi ya muziki na mngurumo wa jenereta hupenya kuta nzito kuliko hizo, na zinahitaji mpango wake, nitaueleza mbele.

Kama kelele inatoka ng'ambo ya fensi, fensi yenyewe husaidia ikiwa ni ya tofali na imepanda kiasi cha kuficha chanzo cha sauti usikione ukiwa dirishani. Inapokata tu mstari wa macho, hupunguza desibeli 5 hivi. Mstari mmoja wa miti au michongoma haupunguzi kelele kwa kiasi cha kusikika. Panda kwa ajili ya kivuli na vumbi.

Hatua ya pili: acha ramani ifanye kazi kabla ya tofali

Jua letu linatabirika. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, miezi iliyobaki huhamia kusini, na nyakati zote mbili huwa juu sana angani. Bati likitokeza sentimita 90 nje ya ukuta, saa sita mchana mwezi Juni huangusha kivuli cha karibu mita moja na nusu kwenye ukuta wa kaskazini, kinatosha kufunika dirisha. Jua la saa kumi alasiri upande wa magharibi, bati hilo hilo hukinga nusu mita tu ya juu. Ukuta uliobaki unaungua mpaka jua linazama.

Maana yake: nyumba ilale mashariki kwa magharibi, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi ndizo zibebe jua la asubuhi na la jioni. Upande wa magharibi weka stoo, bafu, ngazi, gereji, vyumba ambavyo hakuna anayelala. Upande wa kelele weka vyumba vile vile ukiweza. Pwani angalia na upepo: Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi, Kusi huchukua nafasi kuanzia Aprili au Mei. Chumba chenye madirisha pande mbili zinazopokezana upepo kitapoa kuliko chumba chenye ukuta wa gharama.

Wazee wa pwani walilijua hili. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, na za Lamu zina kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita hivi, lakini vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba sakafu hazizidi sana mita mbili na nusu au tatu, na katikati pana kiwanja cha ndani kinachovuta hewa. Ukuta ule mnene una uwanja wa kuupoza. Ukiiga unene ukaacha uwanja na upepo, unapata tanuri.

Hatua ya tatu: tofali gani?

Tofali za block za saruji ndizo wengi wetu tutatumia, kwa hiyo nizizungumze kwa kina.

Tofali la kawaida la inchi 6 lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9. Ukilisimamisha, unapata ukuta wa inchi 6, na mita moja ya mraba hula tofali 8 au 9. Ukililaza, ukuta ni wa inchi 9, na mita ya mraba hula tofali 12. Watu wengi huambiwa: laza tofali, nyumba itakuwa kimya na baridi. Tuhesabu. Ukuta wa kusimamisha wenye lipu pande zote mbili una uzito wa kilo 360 hivi kwa mita ya mraba. Wa kulaza una kama kilo 520. Uzito haujaongezeka hata mara mbili. Faida yake kwenye kelele ni desibeli 3, zile ambazo sikio linazitambua kwa shida. Kwenye joto, unapunguza kiasi kinachopita kwa takribani robo moja au chini yake, na unalichelewesha. Kwa hiyo kulaza tofali nyumba nzima ni kununua karibu nusu ya tofali zaidi, pamoja na mota na siku za fundi, ili upate kidogo. Laza ukuta mmoja au miwili yenye sababu, mingine simamisha. Msingi wengi tunaujenga kwa tofali za kulaza, hivyo ukuta wa inchi 9 utakaa juu yake vizuri, lakini mwambie mhandisi mapema, kabla zege la chini halijamwagwa, maana uzito unabadilika.

Ubora wa tofali una maana kuliko namna lilivyowekwa. Tofali lililofyatuliwa kwa saruji haba lina vitundu vinavyoungana kutoka upande mmoja hadi wa pili, na sauti hupita humo kama hewa. Mwulize anayekufyatulia mfuko mmoja anatoa tofali ngapi. Akikujibu 50 au zaidi za inchi 6, anakuuzia mchanga uliobanwa. Kwaruza pembe kwa msumari, ikimomonyoka, acha. Mwaga kikombe cha maji juu yake. Yakizama mara moja kama kwenye mchanga, acha. Na zimwagiliwe siku saba angalau, chini ya kivuli au turubai.

Tofali za matundu ni nyepesi na za bei nafuu. Kwenye joto zina nafuu kidogo, kwenye kelele zinashindwa na tofali zito. Kuna dawa rahisi: kwenye ukuta unaotaka ukimya, jaza matundu mchanga mkavu au zege jepesi kila kozi (mistari ya tofali) mbili tatu zinapopanda. Unarudisha uzito kwa gharama ndogo. Arusha na Moshi, kwenye tofali za pozolana, zile changarawe nyepesi za volkano, hali ni hiyo hiyo: nyepesi kubeba, nzuri kiasi kwa joto, hafifu kwa kelele mpaka upige lipu nene.

Tofali za kuchoma ndizo ninazozipenda kwa nyanda za juu. Kwa unene ule ule hupitisha joto kidogo kuliko za saruji, na ukuta wa inchi 9 wenye lipu pande zote mbili ni mzito wa kutosha kunyamazisha maongezi ya chumba cha pili kabisa. Lakini chagua. Gonganisha tofali mbili: zikilia kama kengele zimeiva, zikilia kama udongo zilikuwa pembeni mwa tanuri. Zile zisizoiva hunywa maji kwa mvua moja tu, na ukuta ulioloa hupitisha joto zaidi na kuvimbisha rangi. Linaniuma suala la kuni, kwa sababu tanuri moja hula miti mingi. Ukipata mchomaji anayetumia pumba za mpunga au za mbao, mpe kazi huyo.

Tofali za udongo na saruji za kufungamana, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezieneza kwa miaka mingi, zinapendwa kwa sababu hazihitaji mota nyingi na hupendeza bila lipu. Kwa upande wa joto hazina shida. Kwa kelele, tatizo ni vile viungo vikavu kati ya tofali na tofali: unaweza kuona mwanga ukipenya. Kama unaupenda uso wake wa nje, uache, lakini ndani ya vyumba vya kulala piga lipu. Upande mmoja tu unatosha kuziba.

Wenzetu wa Nairobi wana mawe ya kukatwa kwa mashine, ya Ndarugo na kwingineko. Jiwe la inchi 9 ni zito, linatunza joto la mchana kwa ajili ya usiku wa baridi wa kule, na kwa kelele ni zuri mradi viungo vijazwe mota hadi ndani. Mafundi wengi hujaza midomo ya nje tu.

Tofali nyepesi za zege lenye mapovu, zile zinazoelea ukizitia majini, ni bingwa wa joto. Ukuta wa inchi 6 wa tofali hizo hupitisha chini ya theluthi moja ya joto linalopita kwenye tofali za kawaida. Pwani, kwa ukuta wa magharibi wa chumba chenye kiyoyozi, sijui tofali lililo bora zaidi. Kwa kelele zinapungukiwa desibeli 7 hivi ukilinganisha na tofali zito la unene ule ule, kwa hiyo usizitumie kati ya chumba na sebule, wala upande wa barabara.

Paneli za foma zenye wavu wa chuma na zege la kunyunyizwa pande zote zinajengwa haraka sana. Kenya, Shirika la Taifa la Nyumba lina kiwanda chake cha paneli hizo Mavoko. Kwa joto ni nzuri mno. Kwa kelele, foma iliyobanwa katikati ya ngozi mbili za zege hufanya kama springi, na ukuta hupitisha sauti zaidi kuliko uzito wake unavyoahidi. Mambo mawili usiyalegeze: zege lifunike foma yote bila kuacha upenyo, kwa sababu foma ikishika moto moshi wake unaua, na sehemu za chini zizibwe vizuri, maana panya na sisimizi hutoboa wakafanya makazi.

Ukuta wa jipsamu wa kugawa chumba, bodi moja kila upande na ndani hakuna kitu, hupunguza desibeli 35 hivi: maongezi ya kawaida unayasikia, na ukitega sikio unayaelewa. Ukiweka bodi mbili kila upande na pamba ya glasi au ya miamba ndani, unafika karibu na 50, sawa na ukuta mzuri wa tofali. Siri yake ni pamba hiyo na zile bodi za pili. Mafundi wengi hupenda kuziruka zote mbili kwa sababu hazionekani kazi ikiisha, kwa hiyo kuwepo siku wanapofunga.

Hatua ya nne: ukuta wa magharibi

Kama ramani haikukuruhusu kuondoa chumba cha kulala upande huu, usianze na tofali. Anza na kivuli, kwa sababu jua lisilogusa ukuta halihitaji kuzuiwa. Baraza la mita moja na nusu, ukuta wa pili wa tofali za maua (zile zenye matundu ya nakshi) uliosimama nusu mita kutoka ukuta wenyewe, mwembe au mwarobaini mita chache mbele, au hata fremu ya mbao yenye mmea wa kutambaa. Kati ya hivyo vyote napendekeza tofali za maua: hukinga jua, huacha hewa ipite katikati, na humfanya mwizi afikirie mara mbili.

Halafu rangi. Chokaa nyeupe au rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, nyeusi au kahawia iliyokolea hulimeza karibu lote. Naona nyumba nyingi mpya zikipakwa kijivu kizito kwa sababu zimependeza kwenye picha. Kwa ukuta wa magharibi wa Dar, kijivu kile ni pasi iliyowashwa.

Baada ya hapo ndipo uongeze kinga: tofali nyepesi, au foma ya sentimita 3 hadi 5 upande wa nje juu ya tofali za kawaida, iliyofunikwa kwa wavu na lipu. Iwe nje. Ukiiweka ndani, tofali litaendelea kuungua na kupasuka kwa kutanuka na kusinyaa.

Na nisipotaja bati nitakuwa nimekudanganya. Saa saba mchana jua liko juu ya kichwa, na joto kubwa linaingia kwa paa kuliko kwa kuta zote nne. Weka karatasi ya kung'aa chini ya bati ikiwa na nafasi ya hewa, acha matundu ya hewa kwenye pembe za paa, na tandaza pamba juu ya dari la vyumba. Hiyo hupunguza pia kishindo cha mvua.

Hatua ya tano: ukuta unaotazama kelele

Kwa barabara ya kawaida, ukuta wa tofali zito za inchi 6, viungo vimejaa, lipu pande mbili, unatosha. Nguvu yako ipeleke kwenye dirisha.

Kwa baa au jenereta, yaani besi, ukuta mmoja hata ukiwa mnene hautoshi. Kinachofanya kazi ni kuta mbili zisizogusana. Jenga ukuta wa nje wa tofali, kisha ndani, ukiacha sentimita 5, simamisha fremu nyingine iliyofungwa kwenye sakafu na juu tu, isiguse tofali. Jaza pamba, funga bodi mbili za jipsamu. Unapoteza sehemu ndogo ya chumba na unapata desibeli 10 au zaidi, ambazo kulaza tofali kusingekupa kamwe. Kosa la kawaida ni kubandika foma ukutani na kugandisha jipsamu juu yake. Kwa kelele hiyo inaweza kuufanya ukuta uwe mbaya kuliko ulivyokuwa mtupu, kwa sababu ile ile ya springi.

Hatua ya sita: pandisha ukuta hadi kwenye bati

Hili ndilo lililonifanya niandike. Mwambie fundi, mwandikie kwenye mkataba, na kaa pale siku hiyo: kuta zote zinazozunguka vyumba vya kulala na choo zipande juu ya ringi bimu mpaka zifike chini ya kenchi, na nafasi kati ya mbao na bati izibwe kwa mota. Kwa nyumba ya vyumba vitatu ni tofali mia kadhaa tu. Panda nazo kabla ya kupaua, kwa sababu baadaye fundi atafanya kazi akiwa amejikunja chini ya bati la moto, na hatazijaza vizuri.

Hesabu ya tundu inatisha. Ukuta wa desibeli 50 wenye uwazi wa asilimia 1 ya eneo lake hushuka hadi 20. Kwenye ukuta wa mita 4 kwa 3, asilimia 1 ni kama karatasi mbili za A4. Wengi wetu tuna uwazi wa mita za mraba juu ya dari, halafu tunabishana kuhusu aina ya tofali.

Matundu mengine ya kuziba: pale mabomba ya umeme yanapovuka ukuta, mabomba ya maji, na soketi. Soketi za vyumba viwili zisikae mgongo kwa mgongo. Ziachane walau nusu mita, maana ukuta wa inchi 5 ukichimbwa pande zote mbili hubaki ganda. Bomba la maji taka lisipite ndani ya ukuta wa chumba cha kulala.

Hatua ya saba: mlango, dirisha, lipu

Mlango wa flashi wenye utupu ndani hupunguza desibeli 20 hivi. Wa mbao nzito, mninga au mkongo, unaozibwa na mpira pembeni na kizingiti chini, unafika 30. Kama bajeti inakulazimisha kuchagua kati ya kulaza tofali na kununua mlango mzito wa chumba cha masta, nunua mlango.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma huvuja kwenye reli zake hata yakifungwa. Upande wa kelele chukua yanayofunguka kwa bawaba na kubana mpira, kioo cha milimita 6. Lakini Pwani utataka kulala umefungua, na dirisha lililo wazi halina desibeli za kuhesabu. Ndiyo sababu hatua ya pili, ya kupanga vyumba, ilikuja kabla ya kununua chochote.

Lipu ipigwe pande zote mbili, sentimita moja na nusu, na ifike juu nyuma ya dari, isiishie pale macho yanapoishia. Lipu ndiyo inayoziba vitundu vya tofali. Ukuta wa block usio na lipu unaweza kuvuja sauti vibaya hata ukiwa mzito. Chini weka nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, hasa kwenye udongo wa chumvi karibu na bahari.

Jaribio kabla ya kufunga dari

Bati likishapigwa na mabomba ya umeme yakishapita, rudi usiku na mtu mmoja. Yeye awashe tochi kali chumba cha pili na kuizungusha taratibu kwenye kingo zote za ukuta, juu kwenye kenchi, pembeni ya fremu ya mlango, kwenye kila bomba. Wewe kaa gizani upande wa pili. Palipo na mwanga pana sauti. Weka alama kwa chaki, fundi azibe kesho yake kwa mota, na usiku unaofuata rudieni chumba kile kile. Milango ikishafungwa, weka redio sebuleni kwa sauti ya kawaida, ingia kila chumba, funga, usikilize ukiwa umelala chini mahali kitanda kitakapokaa. Malipo ya mwisho ya fundi yasubiri mpaka mmelimaliza hilo pamoja.